Kombolela ya Mama Salumu

Wasikilizaji wapendwa, jioni hii tunamkumbuka Bi Mwamvita binti Mfaume wa Mtoni, Temeke, aliyezikwa Alhamisi iliyopita. Majirani walimwita Mama Salumu. Salumu alikuwa mwanawe wa kwanza. Alifariki mwaka 1988, akiwa mtoto wa darasa la pili, katika mchezo wa kombolela.

Wengi wenu mmeucheza. Kopo huwekwa katikati ya uwanja. Mmoja hulilinda, wengine hujificha. Anayeonekana hutekwa, husimama kando ya kopo. Lakini akibaki mmoja hajaonekana, akachomoka mbio, akalipiga kopo teke na kupaza sauti, "Kombolela!", basi mateka wote wako huru. Jina hilo limetokana na kukomboa. Ndugu zake ni mkombozi na ukombozi. Kwa hiyo anayejificha vizuri kuliko wote hajifichi kwa ajili yake peke yake. Wenzake wanamtegemea.

Salumu alijificha vizuri kuliko wote.

Siku hiyo mlinda kopo alikuwa Badru, mtoto wa jirani. Bi Mwamvita alikuwa uani juu ya mbuzi, akikuna nazi. Alimsikia mwanawe akimtania mwenziwe: "Badru, una macho ya kuku! Jua likizama huoni kitu." Mama akacheka peke yake.

Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa, na vitu vikuukuu kutoka ng'ambo vilizagaa mitaani. Nyuma ya maduka palitupwa jokofu bovu, la aina ya zamani, ambayo mlango wake ukijifunga haufunguki kwa ndani. Hakuna aliyelitazama mara mbili.

Ikaadhiniwa Magharibi. Desturi ya Mtoni ilikuwa moja: adhana ikisikika, mchezo umekwisha, kila mtoto kwao. Badru aliokota kopo, akaenda kutawadha. Mateka wakatawanyika. Bi Mwamvita alidhani Salumu yuko msikitini na baba yake. Baba alidhani yuko nyumbani na mama. Alipopatikana, hakuwa hai.

Kombolela ikakoma Mtoni. Hakuna aliyeikataza. Akina mama waliokota makopo kimyakimya. Watoto nao wakaambizana, "Usicheze na Badru, atakusahau."

Munira, binti wa marehemu, ametueleza bila kuficha: "Nisimpambe mama kwa kuwa hayupo. Alimchukia yule mtoto. Akimwona, anageuza njia. Majirani walipoanza kumwita Mama Munira, wakidhani wanampunguzia machungu, aliwaambia, mie ni Mama Salumu."

Kisha asubuhi moja, kwenye bomba la maji, mama yake Badru alisema jambo. Hakumwambia Bi Mwamvita. Alimwambia mwanamke mwingine, kwa sauti ya chini: "Mwanangu halali mpaka nimtajie kila mtu aliyemo ndani, jina kwa jina."

Bi Mwamvita aliiacha ndoo yake bombani, maji yakifurika.

Alasiri alifika kwa kina Badru, kopo mkononi.

"Shikamoo, Mama Salumu," mtoto alisema, macho chini.

"Marahaba. Linda kopo. Leo najificha mie."

"Dada, utamtesa," mama yake alisema.

"Keshateswa, shoga. Na mie pia."

Watoto wa mtaa wakasogea mmoja mmoja, nao wakajificha. Bi Mwamvita alisimama nyuma ya kanga zilizoanikwa. Miguu yake ilionekana yote. "Mama Salumu, hiyo miguu ni ya nani?" mmoja akauliza, wengine wakaangua kicheko. Badru hakucheka. Adhana ikasikika. Wenzake walitoka mafichoni, wakaanza kuondoka. Yeye akabaki na kopo lake. Akaita kila jina, akasubiri kila uso ugeuke. Mwisho akaita, "Mama Salumu, njoo. Sijaondoka."

Tangu hapo ndiyo desturi ya mtaa ule. Adhana humaliza mchezo, lakini mlinda kopo haondoki mpaka aite kila jina na kuona kila uso. Bi Mwamvita alimwambia binti yake: "Sie tulifundishwa kwamba aliyejificha huwakomboa waliotekwa. Hatukuuliza yeye atakombolewa na nani."

Msidhani, wasikilizaji wapendwa, kwamba moyo wake ulitulia. Mumewe alihamia Bunju, hakurudi. Yeye mwenyewe hakupita tena nyuma ya yale maduka mpaka mauti yalipomfika. Lakini kila jioni aliweka kiti mlangoni, akasikiliza majina yakiitwa.

Alhamisi alilazwa kando ya Salumu. Badru, ambaye sasa ni fundi seremala, alikuwa miongoni mwa waliofukia kaburi. Watu walipoanza kuondoka, mjomba wa Munira alimgusa bega. "Twende, kijana. Magharibi hiyo."

"Tangulieni," alisema.

Munira anasema mjomba alimsikia, kwa sauti ya chini, akisema maneno yale yale: "Mama Salumu, sijaondoka."

Tunawapa pole Munira, jamaa na majirani wote wa Mtoni. Mwenyezi Mungu awarehemu mama na mwana. Nawe unayetusikiliza, jua linazama. Watoto wako uwanjani. Punguza sauti ya redio, utoke nje, uwaite kwa majina.