Swali la Fundi Ngoja Ipoe

Wasikilizaji wapendwa, kitendawili! Nawasikia huko mliko: tega. Haya. Mgonjwa wangu ana homa kali, lakini ukimfungua mdomo kwa pupa, unayeungua ni wewe. Mmeshindwa? Nipeni mji. Ni rejeta ya gari lililochemsha.

Leo tunamkumbuka fundi magari aliyeitwa Ngoja Ipoe. Ametutoka Jumanne, akiwa na miaka sabini na mmoja. Ndiyo, Ngoja Ipoe, fundi wa injini zinazochemsha. Jina alipewa na wateja kwa kumcheka. Ujanani alifungua rejeta ingali ya moto, maji yakamrukia. Mkono wa kulia ukaungua kuanzia kiganja hadi kiwiko. Tangu hapo hakufungua gari la mtu kabla halijapoa, hata ungempigia magoti.

Mimi sikupiga magoti. Nilipiga kelele. Miaka kumi na tisa iliyopita binti yangu alishikwa na uchungu, mkwe wangu akaendesha mbio kwenda hospitali. Tulipofika mbele ya gereji ya fundi huyu, boneti ikafuka mvuke. Barabara nyeupe, hakuna gari lingine.

Fundi akagusa mpira wa juu wa rejeta, kisha wa chini.

"Wa juu unaunguza, wa chini baridi. Maji hayazunguki. Thamostati imejifunga."

Thamostati, wapenzi, ni kilango kidogo kinachoyapisha maji yakipata moto.

"Si umeshajua? Itoe basi!" nikasema.

"Ngoja ipoe, mama."

"Mtoto atangoja?"

"Hangoji. Lakini yakinirukia machoni, nani atawatengenezea?"

Nikamwita mwoga. Nikamwita na mengine, redioni hayasemeki. Binti yangu kule kiti cha nyuma akaguna, "Mama, nyamaza! Unanichosha kuliko huyu mtoto."

Tulingoja dakika arobaini. Arobaini, wasikilizaji! Ndipo akakitoa kile kilango, akafunga, akajaza maji. Gari likaondoka. Hatukuaga. Hatukurudi.

Juzi mjane wake alikuja hapa studio, akanisimulia bila kujua anaongea na nani.

"Bibi, kuna gari moja halikumtoka moyoni. Kila dereva aliyesimama, swali lilikuwa hilohilo: yule dada alijifungua salama? Hakuna aliyejua. Mume wangu kaenda nalo."

Nilishindwa kumtazama. Kisha nikamwambia.

Kwa mjane, watoto na wajukuu: poleni sana, Mola awatie nguvu. Nawe msikilizaji, kama yupo aliyekuvusha kwenye shida, mpelekee habari ya ulikofikia. Mpelekee leo, angali anasikia. Mimi nimechelewa, ila nitasema.

Ni msichana, fundi. Alizaliwa robo saa baada ya sisi kufika hospitali. Mama mzima, mtoto mzima.