Wavu wa Chiriku

Kwenye kivuko cha kurudi Mwanza kutoka Kamanga, dada mmoja wa Mabatini, Modesta, alikuwa amepakata wavu mkuukuu wa dagaa kama amepakata mtoto.

"Nawajengea chiriku wangu banda, baba," alimwambia mzee jirani yake. "Mbao nimeokota kwa seremala, wavu kanipa shemeji. Matundu madogo, hata kichwa hakipiti!"

"Vizuri, mwanangu, lakini huo wavu unanuka dagaa. Utaita paka wa Mabatini nzima."

"Nimeufua kwa sabuni, nikauanika juani. Haunuki hata kidogo!"

Mzee alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Mimi niliyekuwa nimekaa upande wa pili wa Modesta nilikuwa nimeshahamia benchi la nyuma, nimeziba pua.

Kivuko kilipogusa gati, Modesta alishuka akiimba. Nyuma yake alishuka paka, mkia juu, bila haraka.