Ulagammal, Aliyemfungia Swami Mlango

Wasifu wa marehemu Ulagammal Piramanayagam, uliosomwa na mpwa wake kwa niaba ya familia siku ya kumi na sita tangu kifo chake, mbele ya ndugu, majirani na wahujaji, Tiruvudalur.

Marehemu Ulagammal alizaliwa hapa Tiruvudalur tarehe 16 Januari 1942, katika mtaa wa kaskazini wa hekalu, akiwa mtoto wa tatu na binti pekee wa mzee Nellaiyappan, mwimbaji wa hekalu, na mkewe Vadivu. Alizaliwa siku ya Ugomvi. Kwa faida ya waliotoka mbali: siku hiyo Swami, mungu wa hekalu letu, hubebwa kwenye machela kuzunguka mji, na kwa kuwa hurudi amechelewa, mkewe Amma humfungia mlango. Mtu mmoja husimama nje akimsemea Swami, mwingine hukaa ndani akimsemea Amma, wakajibizana mpaka wapatane. Kumsemea Amma ilikuwa kazi ya ukoo wa mzee Nellaiyappan tangu zamani.

Asubuhi ile mzee alikuwa nyuma ya mlango akimkaripia Swami, jirani mmoja akapenya kupitia jiko la hekalu na kumnong'oneza. Mzee akasahau yuko wapi. Akapaza sauti, "Nimepata binti!" Umati uliokuwa nje ukasikia kwamba Amma amejifungua. Msemaji wa Swami hakupoteza nafasi. "Hongera, mama! Basi fungua nimwone mtoto."

Marehemu alisoma shule ya msingi ya hapahapa, kisha sekondari ya wasichana ng'ambo ya mto, akamaliza mwaka 1958. Alikuwa mwanafunzi mzuri, ila aliwahi kufukuzwa darasani kwa sababu ya hekalu. Mwalimu wa historia alifundisha kwamba nyumba ya Amma imeipa kisogo nyumba ya Swami kwa sababu fundi wa mfalme alikosea vipimo. Ulagammal akanyoosha mkono.

"Mwalimu, wewe ukigombana na mkeo, analala amekutazama?"

Alisimamishwa nje juani hadi kengele ya mwisho. Kesho yake mke wa mwalimu alimpelekea bakuli la vitamutamu vya ufuta, bila kusema ni vya nini.

Maana kisa alichokulia nacho kilikuwa kingine. Swami alimuaga Amma kwamba anakwenda bwawani kuoga, anarudi sasa hivi. Njiani akamkuta mfinyanzi mmoja, wakaketi kucheza kete, na enzi nzima ikapita. Mafundi walikuwa wamezijenga nyumba zote mbili zitazame mashariki. Aliporudi akakuta ya mkewe imegeuka usiku, mlango uko magharibi. Ndiyo maana ukumbi wa nguzo unaoziunganisha haukunyooka. Unapinda, unazunguka jikoni, unapita nguzo zinazolia kama kengele ukizigonga, ili mwenye kosa atembee njia yote hiyo akitafuta la kusema, na kila anachokigusa kimtangaze. Na yule ng'ombe dume wa jiwe, kipando cha Swami, ambaye kwenye mahekalu mengine yote humtazama bwana wake, hapa amegeuzia shingo bwawani, kama mgeni aliyefika kwa watu akawakuta wanagombana.

Hayo ndiyo marehemu aliyowasimulia wahujaji kila asubuhi kwa zaidi ya miaka hamsini, akiwa amesimama pale kwenye kona ya ukumbi. Lakini kazi yake kubwa aliianza mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka ishirini, baba yake alipougua koo na sauti ikamkauka kabisa. Kaka zake wote wawili walikuwa wamekwenda kufanya kazi Madras. Mwenyekiti wa kamati ya hekalu akaja nyumbani kusema kwamba kazi ya mlangoni itahamia ukoo mwingine.

"Binti yupo," akasema mama Vadivu.

"Mwanamke amsemee Amma? Haijapata kutokea!"

"Kwani Amma ni mwanamume?"

Mwenyekiti alikunywa kahawa yake yote kabla hajapata jibu, na jibu lenyewe lilikuwa la shingo upande: mwaka mmoja tu, na asizidishe wala kupunguza neno. Swami akishaomba mara ya tatu, afungue. Akivuruga, ukoo wao umepoteza mlango milele.

Siku ilipofika, Ulagammal aliketi gizani nyuma ya ubao mzito wa mlango, baba yake pembeni akiwa na kitambaa shingoni. Nje alikuwa Piramanayagam, kijana wa duka la taa za shaba karibu na mnara wa lango, ambaye naye alikuwa amerithi kazi ya kumsemea Swami kutoka kwa mjomba wake. Akaomba mara ya kwanza: alicheleweshwa na mja mwenye shida. Akaomba mara ya pili, mara ya tatu, kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya vitunguu.

Mkono wa Ulagammal ulikuwa umeshika komeo. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alikusudia kabisa kulivuta. Ila alichungulia kwenye ufa wa mlango, akawaona wanawake wa mji wamekaa uani na watoto wao mapajani, wanangoja kufunguliwa kwa mlango kama wanavyongoja wali uive. Mkono ukakataa.

"Mja gani huyo?" akasema. "Kila mwaka mja. Mwite aje nimwone."

Neno hilo halikuwamo kwenye maneno ya kurithi.

"Amma," Piramanayagam akababaika, "mja... ameshakwenda kwao."

"Kwao wapi?"

Wanawake wakaanza kucheka. Wabebaji wa machela wakalalamika, "Dada, mabega yetu!" Akawajibu kwamba anayewalemea ni Swami, si yeye. Mwenyekiti akauvaa mlango kwa ngumi. "We binti, fungua! Unajua ulichoahidi!"

Alijua. Alimgeukia baba yake, akitegemea kuonyeshwa komeo. Mzee, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa amefungua baada ya ombi la tatu bila kuulizwa kama ameridhika, alitikisa kichwa. Usifungue.

Jua lilipanda mpaka juu ya mnara. Mwishowe Piramanayagam akasogea karibu na mlango, akasema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya dukani: "Hapakuwa na mja. Nilikuwa nacheza kete. Nilinogewa, nikasahau kwamba nina nyumba. Nimekosa."

Hakuna aliyewahi kulitia neno hilo kinywani mwa Swami. Kuhani mmoja aliziba masikio. Na hapo kila mtu akasikia komeo likivutwa.

Kamati iliitishwa mchana uleule kuwafukuza wote wawili. Haikuketi. Mwenyekiti alipopita nyumbani kula kwanza, alikuta mlango wake umefungwa kwa ndani, na mkewe akamuuliza kupitia dirishani wiki iliyopita alichelewa wapi. Inasemekana alikula jioni. Suala la ukoo mwingine halikutajwa tena.

Marehemu alifunga ndoa na Bwana Piramanayagam tarehe 5 Septemba 1963. Posa ililetwa na mama mkwe mwenyewe, aliyeingia bila hata kukaa. "Mwanangu hajapata kuniambia 'nimekosa' tangu nimzae," alisema. "Nimekuja kumwona huyo aliyemtoa neno hilo." Walijaliwa watoto watatu: Kuttralam, Gomathi na Sankaran.

Tangu hapo, kila Januari, mume alisimama nje na mke ndani, na mji ulikuja kusikiliza zaidi ya habari za Swami. Ugomvi wa mbinguni ulianza kuwa na mambo ya mtaa wa kaskazini. Mwaka 1974 Amma alitaka kujua ni nani aliyetumwa kununua dengu akarudi na redio. Mwaka 1988 Swami aliuliza, kwa unyenyekevu mkubwa, kama ni lazima ndugu za Amma wakae mwezi mzima. Siku hiyo mlango ulichelewa sana. Wahujaji kutoka mbali walidhani ni maandiko ya kale, na wengine walilia.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2021. Alitibiwa Tirunelveli na kurudi na dawa nyingi, ambazo alikuwa akizisuta kwa ukubwa wake. Januari mwaka huu alibebwa kwa kiti hadi nyuma ya mlango. Mumewe, mwenye umri wa miaka themanini na saba, akiwa amejiandaa vizuri, akaomba mara ya kwanza. Komeo likavutwa.

Watu walishtuka. Hakuna aliyeshangilia. Piramanayagam alisimama na maneno yake yote mdomoni, akauliza kwa sauti ndogo, "Mbona upesi hivyo?"

"Nimekuona kwenye ufa," akasema. "Magoti yanakuuma. Ingia ukae."

Hapo ndipo mji mzima ulipojua kwamba ni mgonjwa kweli.

Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 9 Machi 2025, akiwa ametoka kulalamika kwamba kahawa haina nguvu. Mwili wake ulichomwa siku hiyohiyo kando ya mto, na mwanawe Kuttralam akawasha moto.

Ameacha mume, watoto watatu, wakwe watatu ambao wote aliwasahihisha, wajukuu saba na kitukuu mmoja. Binti yake Gomathi atamsemea Amma mwakani, na baba yake amekubali kusimama nje, kwa sharti aletewe kigoda. Gomathi amesema atafikiria.

Familia ilimwomba mzee Piramanayagam aongeze neno la mwisho kwenye wasifu huu. Alikaa na karatasi tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana, akairudisha tupu. "Nikiandika chochote," alisema, "nani atanikatiza?"

Tunamshukuru kila aliyetufariji. Mama yetu apumzike sasa, kama atakubali.