Shamasha Khoshaba na Kiti cha Mar Oraha

Baba Askofu, mapadri, majirani wa Telnahra na ninyi nyote mliopanda mlima kutoka Dohuk, mimi Zaya, mtoto wa mdogo wa marehemu, nimepewa na ukoo wa Shabo kazi ya kusimulia maisha ya baba yetu mkubwa, Shamasha Khoshaba Yonan Shabo, shemasi wa kanisa hili, na naifanya kifua mbele, kwa sababu mzee huyu hakutuachia la kuficha.

Marehemu alizaliwa hapa Telnahra, katika milima hii ya kaskazini mwa Iraq, Jumapili, tarehe 4 Mei 1941, ndiyo maana akaitwa Khoshaba, jina la siku hiyo, mtoto wa mwashi Yonan aliyechonga viti vya mawe ndani ya ukuta huu wa kanisa, ambamo maaskofu wetu huzikwa wameketi, nyuso zikielekea altare. Jimbo lilikuwa hai wakati huo, tangu mwaka 1853, likiwa limeshazika maaskofu wawili, ambao kwetu huitwa Mar: Mar Yawsip, aliyelianzisha akiwa na nyumbu mmoja na hasira nyingi, na Mar Toma, aliyejenga shule kabla ya kujijengea nyumba. Kiti cha tatu kilikuwa tayari, kikimsubiri Mar Oraha, askofu wa wakati huo.

Alisoma katika shule hiyo ya Mar Toma kuanzia mwaka 1948 hadi 1956, akafundishwa nyimbo za ibada na Mar Oraha mwenyewe, aliyempa kofi akikosea na zabibu kavu akipatia, na marehemu alikuwa akisema kwamba makofi ameshayasahau ila zabibu bado anazisikia mdomoni. Alipewa ushemasi mwaka 1960, akawa mkulima wa tufaha siku za kazi na sauti ya kanisa hili siku za Mungu.

Mwaka 1966 Mar Oraha alikwenda Beirut kutibiwa moyo, akafia huko, na kwa kuwa vita vilikuwa vimefunga barabara zetu, akazikwa ugenini, tena amelazwa. Miaka miwili baadaye jimbo letu likafutwa na kuunganishwa na jirani, bila askofu wa nne. Hapo ndipo Shamasha Khoshaba alipoapa kwamba askofu asiyeketi kwenye kiti chake hajazikwa, na asiyezikwa hasomwi kati ya wafu tunapotaja majina ya walio hai na waliokufa katika ibada, akaendelea kumwombea Mar Oraha afya njema na maisha marefu kila Jumapili, huku majina ya maaskofu wa jimbo hilo jirani, mmoja baada ya mwingine, akiyamumunya tu.

Wa kwanza wao alipotutembelea akamwuliza, "Shamasha, mimi unaniweka wapi?" Marehemu akamjibu, "Baba Askofu, wewe una mji mzima wa kukutaja. Yeye ana sisi tu." Askofu akacheka, akaacha.

Alifunga ndoa na mama yetu Warda Putrus tarehe 6 Septemba 1970, wakajaliwa watoto watatu, Oraha, Shirin na Nahrin, na wajukuu wanane. Mama Warda, aliyeketi hapa mbele, alikuwa akimtania, "Wenzangu wana wake wenza, mimi nina askofu mwenza, tena marehemu!" Mwaka 1988 kijiji kilipobomolewa na jeshi tukakimbia, na tuliporudi paa la kanisa lilikuwa chini, lakini ukuta wa maaskofu umesimama, na jiwe la kwanza la ukarabati alilibeba yeye.

Masika ya mwaka huu, figo zikiwa zimeshaanza kumsumbua, alisafiri na mwanawe hadi Beirut kuomba mifupa ya Mar Oraha irudishwe. Msimamizi wa makaburi, akimwita kama wanavyowaita wazee wote huko, akamwambia, "Hajji, mifupa haina pasipoti." Akajibu, "Nimekuja na yangu, tutaitumia wawili." Wakamcheka, kisha wakamsaidia, na kibali kikaanza safari yake ndefu ya ofisi kwa ofisi huku sisi tukimwangalia akipungua, tukiogopa kwamba atatangulia kabla askofu wake hajafika.

Hakutangulia. Alhamisi iliyopita, tarehe 13 Oktoba 2022, Mar Oraha alifika, akavishwa, akaketishwa, na baba mkubwa akalia kama mtoto, akisema Jumapili atamsoma kati ya wafu kwa sauti yake mwenyewe. Jumamosi alfajiri akafariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama Warda. Inaniuma, sitaficha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Dohuk, majirani waliopika na kuchimba, mashemasi wenzake, na wewe Baba Askofu, uliyevumilia kumumunywa.

Leo ndiyo Jumapili yenyewe, na zamu ya kusoma ni yangu. Nitalitaja jina lako, Baba Askofu, kwa sauti, kati ya walio hai. Kisha kati ya wafu nitasoma: Yawsip, Toma, Oraha, na baada yao Khoshaba, shemasi wao.

Baba mkubwa, askofu wako ameketi. Sasa na wewe lala kwa amani.