Mwanne binti Moustapha na Paa la Kombi ya Masista

Wasikilizaji wapendwa, mlio nyumbani, mlio sokoni, na ninyi mnaotengeneza nyavu huko ufukweni, tunawaomba mtusogelee kidogo. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa hapa Kalemie. Jina lake Mwanne binti Moustapha. Alikuwa mshonaji wa maturubai. Alifariki wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Turubai la lori, hema la msiba, kifuniko cha mtumbwi wa injini: vyote vilipita chini ya sindano yake, pale kwake, mtaa wa Kataki. Shuleni hakwenda. Kipimo chake kilikuwa kamba yenye mafundo. Aliizungusha kamba kwenye kitu chenyewe, akafunga fundo, akakata. Bila kamba hakati. Shikeni hilo, wasikilizaji wapendwa. Bila kamba, Mwanne hakati.

Maisha yake yote alikata bila kamba mara moja tu. Kwa mara hiyo moja watu walimpa jina la kumcheka, wakamwita Mama Hema Kipande. Wengi wenu mnalijua. Labda mmelitumia.

Anayetusimulia habari hii ni Papa Prospère, fundi wa magari, mwenye miaka sabini na saba. Amekuja hapa studioni na koti lake la Jumapili na kalamu mfukoni. Tulimpa maikrofoni, akaishika, akatazama meza, akairudisha. Ameomba tumsemee.

Ilikuwa mwaka 1988. Masista wa parokia moja walikuwa na Kombi kuukuu ya kulala safarini, ya aina ile ambayo paa lake huinuliwa, chini yake mtu akasimama wima. Walitaka iwe dispanseri ya barabarani, kuelekea Moba. Sista Odile, muuguzi, alikuwa mrefu. Paa likiwa chini, alitibu wagonjwa akiwa amekunjika kama kisu cha mfukoni. Turubai la zamani lilikuwa limeoza, likang'olewa. Paa lenyewe lilikuwa limefungwa, limeshikwa na kutu na rangi.

Papa Prospère alipewa gari. Mwanne alipewa turubai.

Hapa lazima tueleze jambo, maana ndilo lililomwangusha mtu mzima. Kombi hizo gari lake ni moja, lakini mapaa yalitengenezwa na viwanda mbalimbali, na hayafunguki sawa. Kuna paa linaloinuka lote pamoja, kama kifuniko cha sufuria kilichoshikwa kwa mikono miwili. Hilo linataka kuta nne. Kuna lenye bawaba mbele au nyuma. Hilo hupanua kinywa kama kiboko, na linataka pembetatu mbili ndefu ubavuni na kipande kifupi mdomoni. Na kuna lenye bawaba ubavuni, hufunguka kama kasha la nguo. Hilo linataka kipande kirefu upande mmoja, na pembetatu mbili fupi, mbele na nyuma.

Kombi ya masista ilikuwa ya kasha. Papa Prospère alishona moyoni mwake kiboko.

Alikuwa na sababu, au aliona anayo. Mwaka ule, akiwa na miaka arobaini, baba wa watoto watano, alikuwa anasoma masomo ya jioni. Alikaa kwenye dawati na magoti yakigonga ubao. Alijifunza hesabu, alijifunza Kifaransa cha kuandika. Alikuwa na gazeti la zamani la magari lenye picha ya Kombi iliyofunguka kwa mbele. Kutoka picha ile alipiga hesabu, akaandika vipimo kwenye karatasi ya daftari kwa mwandiko mzuri.

Mwanne alifika na kamba yake. Akaizunguka Kombi mara mbili. Akapitisha vidole chini ya ukingo wa paa, upande wa kushoto.

"Papa Prospère, hii paa inafunguka kwa ubavu. Bawaba njo hizi hapa, nazisikia kwa kidole."

"Mama, Kombi zote ni moja."

"Tufungue basi, nipime."

"Mvua hii yote? Maji yataingia ndani. Tutafungua siku ya mwisho." Akamnyooshea karatasi. Wanagenzi wa gereji walikuwa wanasikiliza, na yeye aliwaona wanasikiliza. "Weye unajua mashini ya kushona. Mimi nimesoma. Kata vile imeandikwa."

Mwanne akaikunja kamba. "Sawa, muntu wa masomo. Unisomee, mimi nikate."

Akamsomea, kisha akamwachia karatasi. Akakata. Bila kamba.

Siku ya kuonyesha ilikuwa Jumapili, baada ya misa. Parokia nzima ilikuwa uani. Papa Prospère, kwenye koti hili hili, alipanda kwenye ngazi, akavuta paa kwa mbele. Likagoma. Akaingiza chuma, akavuta tena, bolti moja ikakatika. Ndipo paa likalia kwa kutu, likafunguka lenyewe kwa ubavu, polepole, mbele ya watu wote. Wakaleta turubai la Mwanne ili lifungwe. Upande mrefu ulibaki wazi kama dirisha la kanisa.

Watu wakacheka. Dereva mmoja wa lori, Caleb, akapaza sauti: "Sista Odile, hapo utatibu hadi ndege!"

Papa Prospère alikuwa juu ya ngazi. Anasema anakumbuka joto la masikio yake. Mwalimu wake wa masomo ya jioni alikuwa mstari wa mbele. Akafungua kinywa, akasema maneno matatu:

"Mushonaji alikosea vipimo."

Maneno matatu tu, wasikilizaji wapendwa. Mwanne alikuwa amesimama chini ya ngazi. Akamtazama. Akalikunja turubai, akaondoka nalo kichwani.

Jumatatu alirudi na kamba. Kwa siku tatu alishona turubai jipya, nalo likakaa kama ngozi. Sista Odile akasimama wima. Watu wakamsifu Papa Prospère kwa kumsimamia vizuri mshonaji. Naye akaitikia, "Asante." Lakini jina la Mama Hema Kipande lilikuwa limeshatoka uani. Wenye malori wakapeleka maturubai yao kwa wengine. Mwanne akabaki na mito ya viti na viraka, miaka mingi.

Papa Prospère alipata cheti chake. Akafungua gereji yake. Akikutana na Mwanne njiani, alivuka barabara.

Sasa tuje kwenye siku ya mazishi. Kabla jeneza halijatoka nyumbani, mtoto wake Maliki alisimama mlangoni, kama ilivyo desturi ya Waislamu, akasema: "Kama mama yetu alimkosea muntu, tunaomba amusamehe."

Watu wakaitika, "Tumemsamehe."

Caleb, mzee sasa, mwenye fimbo, akaongeza kwa upole kabisa, bila ubaya: "Hata ile hema ya Kombi, Mama, tumesamehe."

Watu wakatabasamu. Papa Prospère alikuwa katikati yao. Alikuwa na nafasi ya kusema. Midomo ikafunguka. Na alichosema, pamoja na wenzake, ni hiki: "Tumemsamehe."

Alimsamehe mwanamke kwa kosa lake yeye mwenyewe.

Siku ya tatu alikwenda kwa Zainabu, binti wa marehemu. Kabla hajamaliza sentensi ya kwanza, Zainabu aliinuka, akatoa kopo la bobini za cherehani, na ndani yake karatasi ya daftari iliyogeuka rangi ya chai.

"Papa, mwandiko huu unaujua?"

"Njo wangu."

"Mama aliiweka miaka yote."

"Kwa nini hakuwaonyesha watu?"

"Tulimuuliza. Akasema: 'Yule baba ameanza shule na ndevu zake. Nikiionyesha mbele ya mwalimu, hatarudi darasani tena.'"

Papa Prospère akaomba msamaha. Zainabu akatikisa kichwa.

"Usiniombe mimi. Walioitika hapa uani, siku ya mazishi, walikuwa watu wengi. Uwatafute hao."

Ndiyo sababu yuko hapa. Hivi sasa ameomba tena maikrofoni, na tumempa. Mmesikia pumzi yake. Sasa msikieni yeye:

"Vipimo vilikuwa vyangu. Mama Mwanne aliniambia ni ubavu. Vipimo vilikuwa vyangu."

Kwa Maliki, kwa Zainabu, kwa wajukuu na jamaa wote wa marehemu Mwanne, tunawapa pole. Mungu amlaze mama yenu mahali pema. Nasi tuliobaki, kila mmoja ajitazame: ni nani aliyebeba aibu yetu, na je, bado tuna muda wa kumtua mzigo huo akiwa hai?

Na ninyi mliokuwa uani siku ile ya mazishi, mkaitika "tumemsamehe", mlirudishe neno lenu. Halikuwa na wa kumwendea, maana mama hakuwa na kosa. Jina lake ni Mwanne binti Moustapha. Alikuwa mshonaji wa maturubai, na alipima sawa.