Nyundo Mbili na Ukuta wa Plaiwudi

Marehemu, ambaye wateja walimwita Fundi Taratibu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, katika chumba cha nyuma ya mashine ya kusaga nafaka alikofanya kazi baba yake. Alikuwa kifungua mimba. Mdogo wake, ambaye yuko nasi hapa leo, alimfuata baada ya miaka mitatu.

Alimaliza shule ya msingi, kisha akajiunga na chuo cha ufundi mwaka 1969. Huko ndiko alikopata msimamo wake: nyundo ya chuma ni ya msumari, nyundo ya mbao ni ya patasi. Ukiigonga patasi kwa chuma, mpini unapasuka. Basi, hakutaka mjadala.

Mwaka 1976 ndugu hawa walifungua karakana ya samani kando ya reli. Mdogo mtu alikuwa na haraka zake. Alishika nyundo yoyote iliyokuwa karibu. Mipini ikapasuka, maneno makali yakatoka, na mwaka 1988 marehemu akasimamisha ukuta wa plaiwudi katikati ya karakana. Tangu hapo hawakusemezana.

Marehemu alikuwa amefunga ndoa tarehe 14 Juni 1980, gundi ikiwa bado imemganda vidoleni. Ukuta uliposimama, mkewe ndiye akawa mjumbe.

"Shemeji, mwambie mumeo anirudishie randa yangu."

"Mwambie aje aichukue mwenyewe, ana miguu."

Na hapo wanasikiana hata wakikohoa! Mama wa watu alichoka, na hakuficha kwamba amechoka.

Moyo ulianza kumsumbua marehemu mwaka 2022. Ilifika hatua hawezi kuinuka bila kushikwa, na wa kumshika alikuwa mkewe, ambaye mgongo ulimuuma na usingizi ukampaa. Siku moja hakuomba ruhusa ya mtu. Akaenda upande wa pili wa ukuta.

"Shemeji, nimeishiwa nguvu. Njoo umwekee kaka yako kishikio kitandani."

Mdogo mtu akaja na vifaa vyake, akapiga magoti, akaanza kutoboa fremu ya kitanda. Patasi aliigonga kwa nyundo ya chuma, kama kawaida yake. Mke wa marehemu akawa anangoja balaa.

Marehemu alifumbua macho, akawatazama wote wawili.

"Usimwambie kitu," alimwambia mkewe. "Mwache agonge. Nimechoka kumsikilizia ukutani."

Kisha akamgeukia mdogo wake mwenyewe. "Na kesho uje."

Alikuja kesho yake, na kila siku iliyofuata. Kaka mtu akawa anainuliwa na nduguye, na mama wa watu akapata kulala mchana. Marehemu alifariki nyumbani tarehe 3 Agosti 2024, mdogo wake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu wanne na mdogo wake huyo.

Mungu ampe pumziko jema. Na mjane wake, jamani, tukitoka hapa tumwache alale.