Honoré Havugimana: Kutoka Bei za Maharagi Hadi Majina ya Watu

Ijumaa hii, tarehe 28 mwezi wa sita 2024, Papa Honoré Havugimana anarudisha ufunguo wa bureau yetu ya Goma baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Wakubwa walitafuta mtu wa kuandika wasifu wake. Wenye diplome wako wengi hapa, lakini kalamu imenifikia mimi, Théogène, dereva, niliyeacha shule darasa la tano na kuiona Mombasa mara nne. Walichagua vizuri. Économiste anajua bei ya maharagi. Dereva ndiye anayejua siku ambazo économiste ananyamaza njia nzima.

Papa Honoré alizaliwa mtaa wa Murara, kwa wazazi walioteremka kutoka vilima vya Masisi. Alisomea uchumi, akaajiriwa hapa kufuata bei za masoko. Kila wiki nilimpeleka soko la Birere. Wengine wa kazi hiyo huuliza bei na kuondoka. Yeye alikaa juu ya gunia, akauliza na hali ya watoto. Wamama walimwita Papa Bei, na wakimwona tu wanapandisha bei, wakidhani anachoandika ndicho serikali itakachowalipa. Mimi ndiye niliyewaelimisha. Hiyo muiweke kwenye wasifu wangu siku yangu ikifika.

Rapport zake zilikuwa na kasoro moja: zilijaa watu. Patron mmoja wa Kinshasa alimwuliza kwa simu, "Bwana économiste, hii ni rapport ama ni hadithi?" Tulicheka wiki nzima.

Halafu mwezi wa tano 2021 volkano ikatoka, moto ukala nyumba za upande wa Buhene. Bureau iliomba hesabu ya hasara. Papa Honoré alileta hesabu, na nyuma yake kurasa juu ya watu waliopotea. Mmoja wao alikuwa Mama Nyirakamana, muuza maharagi wa Birere. Nyumba yake ilifunikwa, meza yake sokoni ilikuwa tupu, na majirani walisema hakutoka. Radio ya mtaa ikazisoma kurasa zile. Wamama wakaweka matanga palepale kwenye meza yake: mikeka, chai, nyimbo za kanisa. Papa Honoré akaleta mchele. Mimi nililia kuwapita wote, sauti ninayo.

Tukiwa katikati ya wimbo, Mama Nyirakamana akatokea, gunia kichwani, ametoka Masisi kwa kaka yake.

"Munamulilia nani kwa meza yangu?"

Mmoja akakimbia. Mwingine akasema, "Wewe, mama."

"Mimi? Na huo mchele ni wa kwangu? Mupakue basi, niko na njaa!"

Birere ilicheka mpaka motards wakasimamisha pikipiki. Papa Honoré hakucheka. Kwetu, kumtangaza mtu aliye hai kwamba amekufa ni kama kumwitia kifo. Aliniambia garini kwamba mkono uliofanya hivyo haufai tena kuandika jina la mtu. Akaacha. Rapport zake zikawa namba tupu, Kinshasa wakamsifu, na mimi nikawa naendesha gari lililobeba mtu aliyefiwa na nafsi yake.

Miezi ikapita. Siku moja Mama Nyirakamana akaingia bureau na bidoni ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Matanga yetu hayaachwi hewani. Yanaondolewa kwa kinywaji, na baada ya hapo mfiwa anarudi kazini.

"Papa Bei, matanga yangu haijaondolewa. Utaniacha maiti mpaka lini?"

"Nisamehe, mama. Nilikosa sana."

"Siyo msamaha ulinileta. Ile machozi mulilia haikuwa ya kwangu. Jirani yangu Mukakalisa ndiye alibaki ndani ya nyumba. Hakukuwa na mutu wa kumulilia. Ile matanga ni yake. Umupe."

Tulikunywa wote, na sentinelle anayelinda mlango pia. Kisha Papa Honoré akafunga mlango wake, akaandika.

Leo ana vitabu viwili, vyote juu ya Goma, na cha kwanza kinaanza na Mukakalisa. Kabla ya kuchapa ukurasa wowote huenda kwanza kuusoma kwa waliomjua marehemu anayeandikwa humo, wamsahihishe. Ninayempeleka ni mimi. Nimeona wanaume wagumu kama mawe ya lava wakimwomba arudie kusoma ukurasa uleule.

Papa Honoré, kwa niaba ya bureau yote, aksanti. Ulitufundisha kwamba nyuma ya kila bei kuna mtu. Na mimi nina neno ambalo sijawahi kulisema hapa, kwa sababu kazi yangu nyingine ni kuwachekesha. Evariste, mdogo wangu, alibaki kwenye njia ya Sake mwezi wa pili mwaka huu, watu walipokimbia vita. Hatukupata mwili. Hatukuweka matanga. Jumamosi na Jumapili upumzike, umestahili. Jumatatu nitafika nyumbani kwako Katoyi, kwa miguu, kukuambia alivyokuwa. Mungu akupe siku nyingi na nzuri, muzee wetu, na mkono wa kumuandika.